Kutambua protozoa (vimelea vya seli moja) wa panya wa porini kwa DNA: hatua kwa hatua, kutoka mtegoni hadi kwenye jina

Mwaka 1907 Ernest Tyzzer alieleza kimelea alichokikuta kwenye tumbo la panya wa maabara, akakiita Cryptosporidium muris. Mwaka 1912 akaeleza kingine kidogo zaidi, cha utumbo mwembamba, akakipa jina Cryptosporidium parvum. Kwa miongo mingi baada ya hapo, karibu kila oosisti (yai lenye ukuta mgumu la kimelea) ya mikromita tano hivi iliyoonekana katika kinyesi cha panya, ndama au binadamu ilibebeshwa jina hilo la pili. DNA ilipoanza kusomwa, ikabainika kuwa panya wa nyumbani ana spishi yake, ambayo tangu 2012 inaitwa C. tyzzeri. Ukiziweka oosisti zake na za C. parvum chini ya hadubini huwezi kuzitenganisha. Lakini moja ni ya panya hasa, na nyingine huangusha ndama na kuharisha watoto.

Hiyo ndiyo sababu ya kazi hii. Jina likikosewa, tunaweza kumtuhumu panya kwa ugonjwa asioubeba, au kumwachia anayeubeba kweli. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye ruhusa ya kukamata wanyama, mitego, na maabara yenye mashine ya PCR, inayonakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane. Mashine si sehemu ngumu. Ugumu uko kabla yake, katika namna sampuli inavyochukuliwa, na baada yake, katika namna mfuatano, yaani mpangilio wa herufi za DNA, unavyosomwa.

Hatua ya kwanza: amua unatafuta nini, na kiko wapi mwilini

Usianze kukata kabla hujajua kimelea unachokitaka hukaa wapi. Wa damuni ni Trypanosoma, Babesia, Hepatozoon na, kwa baadhi ya panya wa vichakani wa Afrika kama Grammomys, Plasmodium. Wa utumboni ni Cryptosporidium, Giardia, Eimeria na Entamoeba. Hawa hutafutwa katika kinyesi au ukuta wa utumbo. Kisha wapo wanaojificha ndani ya tishu. Toxoplasma gondii mtafute kwenye ubongo na moyo, Sarcocystis kwenye misuli, Leishmania kwenye ngozi ya sikio na wengu. Hepatozoon huonekana damuni, ila hatua zake za kuzaliana huwa kwenye ini, mapafu au wengu, kwa hiyo damu peke yake inaweza kukunyima mnyama aliyeambukizwa.

Baada ya tishu, chagua jeni. Jeni ya 18S ya ribosomu ndiyo mlango wa kuingilia: ina nakala nyingi, ipo kwa protozoa wote, na hifadhidata zimejaa mifuatano yake. Udhaifu wake ni kwamba hubadilika polepole mno, hivyo ndugu wa karibu hufanana. Ukitaka kushuka hadi spishi, ongeza jeni inayobadilika haraka: COI ya mitokondria kwa Eimeria, ITS1 kwa Leishmania na Trypanosoma, gdh, tpi na bg kwa Giardia, gp60 kwa Cryptosporidium. Kwa Toxoplasma, ambapo ubongo mzima unaweza kuwa na sisti chache tu, lenga kipande kinachojirudia mara nyingi. Jeni ya B1 ina nakala 35 hivi katika kila jenomu, na kile kipande cha jozi za besi 529 kina nakala 200 hadi 300. Nakala zikiwa nyingi, nafasi ya kukosa kimelea kilichopo inapungua.

Ushauri wangu: andika chaguo hizi kwenye karatasi moja kabla ya kwenda porini, tishu upande mmoja, jeni upande wa pili, na namna ya kuhifadhi upande wa tatu. Karatasi hiyo itakuokoa saa ambazo mikono imechoka na wanyama bado wapo kwenye mifuko.

Hatua ya pili: ruhusa na usalama

Kibali cha mamlaka ya wanyamapori na idhini ya kamati ya maadili ya utafiti wa wanyama lazima viwe mkononi kabla ya mtego wa kwanza kutegwa. Pasipo hivyo, hakuna jarida makini litakalopokea kazi yako, na hakuna sababu ya mnyama kuteseka.

Usalama nao usiupite juu juu. Panya wa porini hubeba hantavirusi na Leptospira. Mastomys natalensis ndiye hifadhi kuu ya virusi vya homa ya Lassa huko Afrika Magharibi. Viroboto wao wanaweza kuwa na bakteria wa tauni. Vaa glavu mbili, barakoa inayochuja chembe ndogo, miwani na koti. Fungulia mitego mahali pa wazi, upepo ukitoka nyuma yako. Mkojo na kinyesi kikavu vinyunyizie dawa ya kuua vijidudu kabla ya kufuta. Ukifagia vikavu unavivuta puani.

Hatua ya tatu: kukamata na kuchukua sampuli

Mitego ya sanduku aina ya Sherman hukamata bila kujeruhi. Itege jioni, ikague alfajiri, uifunge mchana kama kuna jua kali, maana bati hupata moto haraka sana. Penye baridi weka pamba au nyasi kavu ndani. Kila mnyama apewe namba moja itakayomfuata kila mahali: kwenye daftari, kwenye mfuko, kwenye kila kichupa. Andika kwa penseli au kalamu isiyoyeyushwa na ethanoli, na weka kipande cha karatasi chenye namba ndani ya kichupa pia. Wino wa nje ukifutika, hiyo karatasi ndiyo shahidi wako.

Pima uzito, urefu wa mwili, mkia, mguu wa nyuma na sikio. Chana manyoya juu ya trei nyeupe ili viroboto, utitiri na kupe waanguke, uwaweke kwenye ethanoli. Hawa ni sehemu ya habari yenyewe, kwa kuwa Trypanosoma lewisi huenezwa na viroboto na Babesia microti na kupe.

Damu ya mnyama atakayeachiwa isizidi asilimia moja ya uzito wake. Kwa panya wa gramu 20 hiyo ni mililita 0.2. Tumia kichupa chenye EDTA, dawa ya kuzuia damu kuganda. Heparini iache, maana huzuia PCR. Kutoka tone hilo hilo tengeneza vioo viwili vyembamba vya damu, uvikaushe hewani kabla nzi hawajavifikia, uvigandishe kwa methanoli, halafu uvipake rangi ya Giemsa. Wengi huacha vioo kwa kuwa DNA inasemekana inatosha. Haitoshi. PCR hukuambia kuna DNA ya Hepatozoon. Kioo hukuonyesha gametositi (hatua ya kijinsia ya kimelea) ndani ya chembe nyeupe, kwamba kimelea kimekamilisha safari yake ndani ya mnyama huyu. Siku mfuatano wako utakapokuwa haufanani na chochote kwenye hifadhidata, kioo hicho ndicho kitakachokuwezesha kueleza ulichokiona.

Pasipo umeme, dondoshea damu kwenye karatasi ya chujio, iache ikauke kabisa mbali na jua, kisha ifunge kwenye mfuko wake peke yake pamoja na silika ya kunyonya unyevu. Karatasi mbili zisigusane.

Kwa tishu, kata vipande vidogo vya milimita chache, ili ethanoli ipenye hadi ndani. Tumia ethanoli ya asilimia 96, kiasi cha mara kumi ya ujazo wa tishu. Wembe au mkasi wa mnyama mmoja usimguse wa pili kabla haujafutwa, kuoshwa kwa dawa ya klorini na kusuuzwa. Ethanoli peke yake haiondoi DNA kwenye chuma, huigandisha tu.

Kinyesi kigawe mara mbili. Nusu iende kwenye ethanoli kwa ajili ya DNA. Nusu nyingine iende kwenye potasiamu daikromati ya asilimia 2.5, ambamo oosisti za Eimeria zitakomaa na kuonyesha sporosisti zake (vifuko vya ndani) chini ya hadubini. Daikromati ni sumu, na pia huvuruga PCR, kwa hiyo oosisti zilizotoka humo zioshwe kwa maji mara kadhaa kabla ya kutoa DNA. Fomalini usiitumie kwa sampuli ya DNA hata ukikosa kingine chochote: hukata na kufunga DNA hadi inakaribia kutofaa.

Hatua ya nne: mtambue panya mwenyewe

Hatua hii hurukwa kuliko zote. Panya wengi hawatambuliki kwa macho; Mastomys natalensis na Mastomys erythroleucus wanaweza kuishi eneo moja na kumchanganya hata mtaalamu. Nakili kwa PCR jeni ya sitokromu b ya kila mnyama, kisha soma mfuatano wa kila mwenye kimelea, na wa baadhi ya wasio nacho. Jeni hiyo hufanya kazi mbili: inakupa jina la mwenyeji, na inathibitisha kuwa DNA uliyotoa kwenye damu au tishu ni nzima na haina vizuizi. Ikiwa jeni ya panya mwenyewe haitoki, matokeo hasi ya kimelea hayana maana yoyote.

Tafsiri mfuatano huo kuwa protini kwa kutumia msimbo wa mitokondria wa wanyama wenye uti wa mgongo. Ukikuta alama ya kusimama katikati, kuna uwezekano umesoma nakala ya kale iliyohamia kwenye kiini cha seli, si ya mitokondria.

Hatua ya tano: kutoa DNA

Damu na tishu hazina shida: protinesi K kwenye nyuzi 56 hadi tishu iyeyuke, kisha vichupa vya safu ya silika kwa maelekezo ya mtengenezaji. Kinyesi ndicho kigumu. Ukuta wa oosisti umeumbwa kustahimili klorini, na kimeng'enya peke yake hakiuvunji. Tikisa sampuli kwa nguvu pamoja na shanga ndogo za kioo, au igandishe na kuiyeyusha mara kadhaa kwa kupokezana nitrojeni ya kimiminika na maji ya moto. Kisha tumia vifaa vya kutolea DNA vilivyotengenezwa kwa ajili ya kinyesi, kwani chumvi za nyongo na polisakaridi humo huzima PCR. Dalili ya kizuizi ni sampuli iliyokataa kabisa mwanzoni, kisha ikakubali ilipopunguzwa mara kumi kwa maji safi. Albumini ya ng'ombe ikiongezwa kwenye mchanganyiko wa PCR nayo husaidia sana.

Katika kila kundi la sampuli, pitisha moja tupu isiyo na tishu yoyote kupitia hatua zote, tangu kimeng'enya hadi jeli. Hiyo tupu haina mbadala.

Hatua ya sita: PCR na vita dhidi ya uchafuzi

Vimelea huwa vichache kuliko seli za mwenyeji, ndiyo maana wengi hutumia PCR ya mizunguko miwili: zao la kwanza linakuwa chakula cha praima za pili (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili) zinazoshika ndani yake. Uwezo wake wa kunasa ni mkubwa, na hatari yake ni kubwa vilevile. Kila unapofungua kichupa cha mzunguko wa kwanza, mvuke usioonekana unabeba mamilioni ya nakala hadi kwenye pipeti, glavu na meza. Nusu ya siku ya uzembe inaweza kufanya kila panya wa mkoa mzima aonekane ameambukizwa.

Kwa hiyo tenga vyumba, au walau meza na pipeti: pa kuchanganya kemikali, pa kuongeza DNA, na pa kufungulia mazao. Mtu asirudi nyuma siku hiyo hiyo. Tumia ncha za pipeti zenye chujio. Weka sampuli tupu katika mizunguko yote miwili, na ile tupu ya mzunguko wa kwanza iingie pia wa pili. Sampuli chanya chagua ya spishi usiyotarajia kuikuta kwa panya wako, au plasmidi (duara dogo la DNA la kutengenezwa) uliyoibadilisha nukleotidi, yaani herufi za DNA, chache kwa makusudi. Ikivuja utaitambua mara moja kwenye mfuatano. Ukitumia chanya inayofanana na unachokitafuta, hutajua kamwe lipi ni lako na lipi ni la panya. Na pale PCR ya wakati halisi yenye mzunguko mmoja inapopatikana, kama kwa Toxoplasma, ichague hiyo, maana kichupa hakifunguliwi tena.

Jeli ya agarosi ya asilimia 1.5 inatosha kuona mstari. Lakini mstari wenye urefu unaotarajiwa si jibu. Praima za jumla za 18S hunasa pia kuvu, mimea na hata panya mwenyewe. Kila mstari usomwe mfuatano.

Hatua ya saba: kusoma mfuatano kwa macho yako

Agiza usomaji wa pande zote mbili. Faili ikija, usikimbilie herufi, fungua kromatogramu, mchoro wa vilele vya rangi ambamo kila kilele ni herufi moja. Nukleotidi 30 hadi 50 za mwanzo huwa chafu, zikate. Kisha tembea polepole hadi mwisho.

Mambo mawili yatakusimamisha. La kwanza ni kilele kimoja chenye rangi mbili katika nafasi moja hapa na pale, huku majirani wakiwa safi. Hiyo mara nyingi ni dalili ya maambukizi mchanganyiko, au ya nakala tofauti za jeni ndani ya kimelea kimoja. La pili ni usomaji unaokuja safi kabisa, halafu kuanzia nafasi fulani kila kilele kinakuwa na mwenzake chini yake hadi mwisho. Hapo zipo nakala mbili zinazotofautiana kwa nukleotidi iliyoongezeka au kupungua, na tangu hapo moja imetangulia nyingine hatua moja. Usomaji wa upande wa pili utakuwa safi hadi nafasi ile ile kutoka ng'ambo. Kwa Cryptosporidium hili si ajabu: jenomu ya C. parvum ina nakala tano hivi za jeni hiyo ya ribosomu, na hazifanani zote. Programu itakuchagulia herufi moja bila kukuambia chochote. Kwa hiyo sampuli za namna hii zipitishe kwenye kloni (kutenga na kunakili kila kipande ndani ya bakteria), au usomaji wa kina wa vipande vya PCR unaotoa kila nakala peke yake. Usizilazimishe kuwa mfuatano mmoja.

Hatua ya nane: kupata jina

Peleka mfuatano kwenye BLAST, programu inayoulinganisha na hifadhidata, lakini usisome mstari wa kwanza tu. Tazama sehemu gani ya mfuatano wako imefunikwa, asilimia ya ufanano, na nani aliyeingiza kumbukumbu hiyo, kutoka mnyama gani. Zipo kumbukumbu nyingi zenye majina yaliyotolewa kwa kukisia. Tuseme kipande chako cha 18S kinafanana kwa asilimia 99.5 na Hepatozoon fulani. Kwa jeni inayobadilika polepole hivyo, asilimia hiyo haikupi spishi. Inakupa jenasi na kundi. Hakuna asilimia moja inayofaa kwa protozoa wote.

Panga mifuatano yako sambamba na ya spishi zilizothibitishwa, kwa programu kama MAFFT, kata sehemu zisizopangika, kisha jenga mti wa nasaba kwa mbinu ya uwezekano mkubwa zaidi, kwa mfano kwa IQ-TREE, ukiwa na kundi la nje linalofaa, yaani ndugu wa mbali wa kulinganishia. Tawi lako likisimama ndani ya kundi lenye uthabiti wa juu pamoja na spishi moja inayojulikana, unaweza kulitaja kwa jina. Likisimama pembeni, andika Hepatozoon sp. na namba ya kumbukumbu. Hakuna aibu katika hilo.

Mifano ya kushika kichwani. Trypanosoma lewisi wa panya wakubwa na T. musculi wa panya wadogo hukaribiana mno kwenye 18S. Ongeza ITS1, na hata hapo uwe mwangalifu, hasa kwa kuwa T. lewisi imewahi kupatikana kwa watoto wachanga wa binadamu. Babesia microti ni kundi la aina kadhaa, na zipo zinazozunguka kwa panya bila kuhusishwa na wagonjwa, kwa hiyo taja aina, si jina la spishi pekee. Giardia duodenalis ya kundi G ni ya panya, ilhali A na B ndiyo yanayowapata watu. Sampuli moja inaweza kutoa makundi tofauti kwa jeni tofauti, na ikitokea hivyo ripoti jeni zote. Kwa gp60 ya Cryptosporidium, jina la aina ndogo lenyewe ni hesabu: katika IIaA15G2R1, ile A15 maana yake TCA imejirudia mara 15, na G2 kwamba TCG imejirudia mara mbili. Hesabu mwenyewe kwa mkono.

Na katika kinyesi, jiulize kila mara kama kimelea ni cha panya au cha mlo wake. Panya anayekula wadudu hupitisha oosisti za Adelina, ambazo ni za wadudu, na gregarini zao. PCR itazinasa, mti utaziweka miongoni mwa apikompleksa (kundi kubwa la protozoa lenye Eimeria, Hepatozoon na Toxoplasma), na jina jipya la uongo litazaliwa. Kama mfuatano wako umeangukia karibu na vimelea vya wadudu, rudi kwenye ukuta wa utumbo wa mnyama yule yule: kimelea cha panya kitapatikana ndani ya tishu, cha mdudu hakitapatikana.

Hatua ya tisa: kuhifadhi na kutangaza

Ingiza mifuatano GenBank, hifadhidata ya umma ya DNA, ikiwa na jina la mwenyeji lililothibitishwa kwa sitokromu b, mahali, tarehe, tishu na namba ya mnyama. Mzoga au ngozi na fuvu peleka kwenye makumbusho yenye mkusanyiko wa mamalia, vioo vya damu pamoja navyo, na DNA iliyobaki ihifadhiwe kwenye nyuzi hasi 80. Katika ripoti, taja wanyama wangapi walipimwa kwa kila spishi, wangapi walionekana na kimelea kwa kila jeni, sampuli tupu ngapi ziliwekwa na zilitoa nini. Sampuli ambazo jeni ya panya mwenyewe haikutoka ziondoe kwenye hesabu, na useme ni ngapi.